Yule Mama wa Kwenye Basi Hakuwa na Deni la Asante

Juma lililopita binamu yangu anayeishi Minneapolis, Marekani, alitutumia video fupi katika kundi la WhatsApp la ukoo. Basi la mjini linasimama kituoni, linainama taratibu upande wa mlango kama ngamia anayepiga magoti, kisha kibao kinajikunjua kutoka sakafuni hadi ukingoni mwa barabara. Mama mmoja aliyeketi kwenye kiti mwendo anapanda. Dereva anainuka, anafunga mikanda ya kiti, anarudi kwenye usukani, na safari inaendelea. Mama yule muda wote anasoma simu yake.

Shangazi yetu mmoja akaandika: "Wenzetu wana huruma jamani. Na huyu naye, hata asante hakusema!" Wengi wakamuunga mkono kwa vidole gumba na mikono iliyofumbatwa kama ya sala. Mdogo wangu wa kike, ambaye ametumia kiti mwendo tangu akiwa darasa la tano, yumo katika kundi hilo hilo. Hakuandika neno. Mimi nilikasirika, na kwa kuwa shangazi hajibiwi mbele ya ukoo mzima, nimeamua kuandika hapa.

Neno lililonichoma ni huruma. Basi lile haliinami kwa sababu ya huruma ya mtu yeyote. Linainama kwa sababu tarehe 5 Julai 1978, watu 19 wenye ulemavu waliyazingira mabasi mawili kwenye makutano ya barabara za Colfax na Broadway mjini Denver, wakashuka kwenye viti vyao, wakalala juu ya lami mbele na nyuma ya magurudumu, na wakabaki hapo hadi siku iliyofuata. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka katika nyumba za kutunzia wazee, mahali walipokuwa wamewekwa kwa sababu tu hapakuwa na kwingine kwa kuwaweka. Madai yao yalikuwa mepesi kuelewa: tunalipa kodi ya mabasi haya, nasi tunataka kuyapanda. Ilichukua miaka 12 zaidi ya kuzuia mabasi mji baada ya mji, na ya kukamatwa na polisi waliokuwa na magari yasiyoweza kubeba viti mwendo, mpaka sheria ya mwaka 1990 ikaamuru kwamba kila basi jipya la usafiri wa umma Marekani liweze kumpandisha mtu aliye kwenye kiti. Sasa nani anadaiwa asante hapo, na nani amshukuru nani?

Lakini habari ninayotaka kuikalia ni ya mwaka mmoja kabla ya Denver, kwa sababu ndiyo inayoonyesha waziwazi kwamba hata sheria yenyewe, ikiwa imeandikwa, imepigwa muhuri na kutiwa saini, inaweza kukaa kabatini kama nguo ya sikukuu isiyovaliwa.

Mwaka 1973 Rais Nixon, baada ya kuikataa miswada miwili iliyotangulia, alitia saini sheria ya utengamao wa watu wenye ulemavu. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha 504, sentensi moja tu, iliyofinyangwa kwa kuiga maneno ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964: kwamba mtu mwenye ulemavu aliye na sifa zinazotakiwa hatatengwa, hatanyimwa manufaa wala hatabaguliwa, kwa sababu tu ya ulemavu wake, katika shughuli yoyote inayopata fedha za serikali kuu. Hiyo ni pamoja na shule, vyuo vikuu na hospitali. Sentensi hiyo ilihitaji kanuni za utekelezaji, na kanuni zilihitaji saini ya Waziri wa Afya, Elimu na Ustawi wa Jamii. Miaka minne ikapita bila saini. Serikali ya Rais Ford, aliyemfuata Nixon, iliondoka bila kutia saini. Rais Carter akaja na ahadi, lakini waziri wake, Joseph Califano, akasema anahitaji muda wa kuzipitia upya, na kila aliyejua mambo ya ofisi alielewa kwamba kupitia upya maana yake ni kupunguza. Vyuo na hospitali zilikuwa zikilalamikia gharama.

Tarehe 5 Aprili 1977, siku iliyopangwa kwa maandamano katika miji kadhaa, watu wapatao 150 waliingia katika jengo la serikali kuu mjini San Francisco, wakapanda hadi ghorofa ya nne kwenye ofisi ya mkurugenzi wa kanda, wakamuuliza kuhusu kifungu cha 504. Mkurugenzi hakuwa na majibu. Basi hawakuondoka. Mjini Washington wenzao walinyimwa chakula na simu, wakatoka baada ya siku moja na ushee. Wa San Francisco walikaa zaidi ya majuma matatu.

Jioni ile ya video nilimpigia mdogo wangu na kumsimulia hayo. Nilidhani angeniuliza kuhusu polisi au kuhusu waziri. Badala yake aliuliza: "Nani alikuwa akiwageuza usiku?"

Mimi ni mzima wa viungo, na katika kusoma kwangu kote sikuwahi kujiuliza swali hilo. Mtu asiye na hisia kuanzia kiunoni akilala upande mmoja usiku kucha juu ya sakafu, ngozi inaanza kufa, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kumuua. Miongoni mwa waliolala sakafuni pale walikuwamo watu wa namna hiyo, na wengine waliokuwa wameacha nyumbani mashine zao za kupumulia, dawa zao na wasaidizi wao. Kila usiku wa mgomo ule ulikuwa ni hatari ya kweli kwa mwili. Na jibu la swali la mdogo wangu ni hili: waligeuzana wao kwa wao. Kiziwi mwenye mikono yenye nguvu alimgeuza aliyepooza, asiyeona alimsukuma mwenye kiti, na aliyepooza akawa mshika kalamu wa kikao. Sanduku lilibandikwa kwa utepe kwenye kiyoyozi likawa jokofu la dawa. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakazungumza kwa lugha ya alama na wenzao waliokuwa chini uwanjani, na kwa njia hiyo habari zikatoka na kuingia mbele ya macho ya walinzi wasioelewa hata alama moja.

Alikuwapo pia Brad Lomax, kijana mweusi mwanachama wa Black Panther, chama cha kupigania haki za watu weusi, ambaye ugonjwa wa neva ulikuwa umemweka kwenye kiti mwendo. Aliingia na msaidizi wake, Chuck Jackson, naye Jackson akawahudumia na wengine waliohitaji mikono. Kwa ajili ya Lomax, Panthers walivuka ghuba kutoka Oakland kila siku wakileta chakula cha moto cha watu wote mle ndani, siku baada ya siku, bila kudai malipo. Hawa ni watu ambao serikali hiyo hiyo ilikuwa imewawinda kwa miaka. Nikisikia leo mtu akisema kwamba harakati za watu weusi na za watu wenye ulemavu ni mambo mawili yasiyohusiana, nakumbuka sahani zile. Vyama vya wafanyakazi, makanisa na vikundi vya mashoga wa mji ule navyo vilisaidia, na Meya George Moscone alipeleka mipira ya maji ya kuogea ili watu waweze kujisafisha kwenye masinki. Hakuna hata kimoja kilichotokea kwa bahati. Mwanaharakati aitwaye Kitty Cone alikuwa ametumia majuma kadhaa kabla ya tarehe 5 akibisha hodi kwenye milango hiyo mmoja mmoja.

Aliyesikika zaidi ni Judy Heumann, mwalimu kutoka Brooklyn. Alipata polio kabla ya kutimiza miaka miwili, na mama yake alipompeleka kuandikishwa shule, mkuu wa shule alimkataa akisema mtoto yule ni hatari moto ukizuka. Mwaka 1970 bodi ya elimu ya New York nayo ikamnyima leseni ya ualimu kwa hoja ile ile. Alishitaki. Kesi ikaangukia mikononi mwa Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama za serikali kuu, aliyewahi kuwa wakili katika mapambano dhidi ya shule za ubaguzi, na haikupita muda bodi ikampa Heumann leseni yake. Kwa hiyo alipoketi mbele ya mwakilishi wa wizara, katika kikao ambacho wabunge walikifanya ndani ya jengo lile lile lililotekwa, alijua vizuri anazungumza nini. Yule afisa alikuwa akitikisa kichwa kwa upole kila Heumann alipoeleza machungu ya kutengwa. Heumann, sauti ikimkatika kwa machozi, alimwomba aache kutikisa kichwa kana kwamba anakubali, kwa sababu hakuamini kwamba anaelewa linalosemwa. Kichwa kile kinachotikiswa kwa upole ndiyo huruma ninayoizungumzia. Huruma ilikuwapo miaka yote minne, na haikutia saini.

Baadhi yao walisafiri hadi Washington. Chama cha mafundi mitambo kiliwakodia lori la mizigo, kwa kuwa hapakuwa na gari jingine la kuwabeba, wakasafirishwa gizani ndani ya boksi la lori, viti vikiyumba kila lilipopiga kona, hadi mbele ya nyumba ya waziri, wakawasha mishumaa. Tarehe 28 Aprili 1977 Califano alitia saini kanuni zile bila kuzipunguza. Tarehe 30 watu wakatoka jengoni.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba utajiri wa Marekani ulisaidia. Kibao cha basi ni chuma, na chuma ni fedha. Lakini utajiri ule ule ulikuwapo mwaka 1950 na 1960, mabasi yakapita bila kusimama. Wala sitaki mtu afikiri kwamba kule kazi imekwisha: sheria ya mwaka 1938 iliyoruhusu baadhi ya wafanyakazi wenye ulemavu walipwe chini ya kima cha chini bado haijafutwa kwa nchi nzima, na hilo ni aibu kwa taifa linalojisifu kiasi kile.

Jumamosi nilikwenda kumwona shangazi. Nilimheshimu, nikanywa chai yake, kisha nikamsimulia yote kuanzia Denver. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika tarehe 12 Machi 1990, siku ambayo mamia ya watu waliandamana hadi ngazi za Bunge la Marekani kwa sababu muswada wa sheria ile ya mabasi ulikuwa umekwama, nilimweleza jinsi baadhi yao walivyoacha viti na magongo chini wakaanza kupanda kwa viwiko, kwa magoti, kwa mgongo, ngazi moja baada ya nyingine, na kwamba miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka minane aitwaye Jennifer Keelan, aliyesema atapanda hata ikimchukua usiku kucha.

Shangazi aliweka kikombe chini. Akamtazama mdogo wangu, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, mahali ambapo mimi na kaka tulikuwa tumemshusha baada ya kumbeba kwenye vidato vitatu vya baraza.

"Na huyo mtoto," akauliza, "alifika juu?"

Nikamwambia alifika.