Sinki Jipya na Sakafu Iliyobaki Uchi

Sinki letu la choo lilipopasuka, nilidhani gharama itaishia kwenye sinki. Nikalinunua jipya, jeupe, lenye kiuno chembamba, nikalipakia kwenye bajaji na kulikumbatia njia nzima hadi Magomeni, watu wa Mtwara wakinitazama kana kwamba ninapeleka bibi harusi. Fundi akaling'oa la zamani, akaziondoa na ndoo zilizokuwa zikikaa pembeni yake, akalifunga jipya kwa boliti zake mbili, na maji yakashuka bila kuvuja. Ndipo mke wangu alipochungulia mlangoni na kuuliza, "Baba Zainabu, na hiki kidonda je?"

Kumbe fundi wa miaka ile hakupitisha marumaru chini ya sinki, bali alizikata kwa kufuata kitako chake, na kitako cha hili jipya ni chembamba zaidi kwa sentimita 6 kila upande. Palibaki saruji tupu yenye umbo la ng'onda aliyeanikwa juani, na ina mabaka ya manjano ambayo sikutaka kuuliza asili yake. Ninajua kwamba mkoa wetu una kiwanda cha saruji pale Msijute, lakini sikutarajia kuitafakari bidhaa hiyo kila asubuhi nikiwa nimekaa.

Nikaenda kutafuta marumaru za kufanana. Muuzaji wa kwanza alikitazama kipande changu chenye maua ya bluu akacheka. Wa pili alinipa zilizoonekana pacha pale dukani, lakini zilipofika nyumbani zikawa zimepauka, kwa sababu hata marumaru za aina moja hutofautiana rangi kutoka mkupuo mmoja wa tanuri hadi mwingine, na ndiyo maana maboksi huandikwa namba. Boksi letu la zamani lilikwisha kuwa kiota cha kuku.

Shemeji akashauri tujaze silikoni, kana kwamba mrija uliotengenezwa kuziba mwanya wa milimita chache unaweza kufukia shamba. Mimi nikaona nina akili zaidi, nikakata kapeti la plastiki kwa mkasi wa mke wangu wa kushonea (kosa ambalo bado tunalijadili), nikalitandika kuzunguka sinki. Maji ya kuogea yakaingia chini yake, yakakosa pa kutokea, na siku ya tatu choo kilinuka kuliko kabla hakijatengenezwa.

Fundi aliporudi alisema, kwa utulivu wa mtu anayelipwa kwa siku, kwamba dawa ni kuling'oa sinki tena, kukata mraba kwa mashine, na kupanga marumaru mpya hadi chini ya kitako. Nilipomuuliza kwa nini hakunieleza hayo kabla ya kulifunga mara ya kwanza, alijibu, "Mzee wangu, hukuuliza." Basi sehemu ya fedha ya korosho, niliyokuwa nimeipangia mabati, ikaenda chooni. Gundi ilihitaji siku nzima kukauka, na grauti, ile saruji laini ya kuziba mianya ya marumaru, ikahitaji nyingine. Jirani aliyetukaribisha kwake alituvumilia siku ya kwanza; siku ya pili alianza kunisalimia kwa kunitajia idadi ya ndoo za maji tulizomaliza.

Kazi ilipokwisha, tulikuwa na mraba wa marumaru nyeusi katikati ya maua ya bluu, na nikajishawishi kwamba ni urembo. Nikafanya kila mgeni aingie chooni hata asiyehitaji.

Jumamosi akafika mama mkwe kutoka Newala. Mtu aliyekulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yalikuwa yakifuatwa mabondeni, hawezi kulikabidhi tangi la plastiki imani yake yote. Alizijaza ndoo zetu mbili, akaiweka moja kulia kwa sinki na nyingine kushoto, akasogeza beseni mbele na kuweka kopo juu. Hakuna hata sentimita moja ya mraba wangu iliyoonekana. Mke wangu akazitazama zile ndoo, akanitazama mimi, kisha akaufunga mlango taratibu.