Pembeni Asimame Nani?

Ukisikia nyumbani wanasema "tumwite mpiga picha, tupige moja tu ya familia nzima," shika mfuko kwanza, maswali baadaye. Hiyo moja tu haijawahi kuwa moja, na hela yenyewe haianzi kutoka kwa mpiga picha. Inaanza kutoka Kariakoo, kwenye duka la vitenge.

Chukua familia ya watu 12: wanawake wanne, wanaume wanne, watoto wanne. Gauni la mtu mzima kwa mishono ya siku hizi linakula yadi 4, shati la mwanamume yadi 2 na nusu, nguo ya mtoto yadi moja na nusu. Jumla yadi 32. Kitenge kinauzwa yadi 6, kwa hiyo vitano ni yadi 30, na zile mbili zinazopungua zinakununulisha cha sita kizima. Ukirudi dukani kesho yake, kilekile kimeisha, kipo "kinachofanana". Kinafanana dukani, chini ya taa. Juani, wanaume wawili waliokivaa watatoka kama wamealikwa kutoka ukoo wa jirani. Na yadi nne zilizobaki usidhani zimepotea: shangazi ameshazifunga kilemba.

Kinachouma zaidi, mpiga picha mwenyewe hakuomba sare. Ukimuuliza mapema atakwambia: chagueni rangi mbili au tatu zinazoelewana, maua makubwa wavae watu wawili watatu, waliobaki rangi tupu. Watu 12 kwenye maua yaleyale wakisogeleana, jicho halijui mwili huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi. Ni pazia lenye vichwa. Nyeusi nayo vilevile, mabuibui matano yakikaa bega kwa bega yanakuwa mlima mmoja. Shati la vistari vyembamba vilivyobanana, kamera inaligeuza mawimbi ambayo dukani hayakuwepo. Lakini ushauri huu unaombwa lini? Fundi cherehani akishakata.

Halafu inakuja bei. "Kwani si kubonyeza tu?" Ndiyo, ni kubonyeza tu, kama vile udaktari ni kuandika tu. Mpe mtu presha ya kupunguza, atapunguza, ila kubonyeza atabonyeza vilevile. Atakachopunguza ni kile usichokiona siku hiyo: picha 30 zilizosafishwa kwenye kompyuta zinakuwa 10, msaidizi wa kushika taa habebwi, na siku saba zinakuwa "nitakushtua". Kwa hiyo yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: picha ngapi zilizosafishwa, siku ngapi, faili za ukubwa kamili, usafiri wa nani, advansi kiasi gani. Na picha za watoto zitabandikwa Instagram au hazibandikwi? Hilo watu wanaliuliza baada ya kuona mtoto wao anatangaza biashara. Uliza pia kama kamera yake inaandika kwenye kadi mbili kwa pamoja. Kadi moja ikifa peke yake, imekufa na jioni yote, na kitenge hakirudishwi dukani.

Akisema saa 11 kamili jioni, hajisikii. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua letu halijikongoji kuzama kama la Ulaya, linadondoka kama nazi. Mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na robo hivi na saa moja kasoro dakika kumi. Mwanga laini, ule unaopunguza makunyanzi bila malipo, unapatikana dakika 40 au 50 za mwisho, basi. Kila mpangilio wa watu (ukoo mzima, bibi na wajukuu, wazazi peke yao, mawifi) unakula dakika tatu hadi tano kama kuna watoto ndani. Mipangilio kumi, jioni imekwisha. Familia nayo imekuja na mipangilio 27 kichwani, na imefika saa 12 na dakika tano kwa sababu kuna mtu alikuwa anapiga pasi. Hapo inawashwa flashi ya juu ya kamera, inayopiga uso kwa uso: mapaji yanang'aa kama sufuria mpya, nyuma giza totoro. Ukoo mzima unaonekana umekutwa eneo la tukio.

Wapo wanaosema basi tupige mchana, mwanga si uko mwingi? Uko mwingi juu ya utosi. Saa sita mchana nyusi zinatia kivuli machoni, pua inatia kivuli mdomoni, na kila mtu amekunja uso kama anadaiwa. Kukimbilia chini ya mwembe ni kubadilisha ugonjwa: majani yanapitisha vipande vya jua, watu wanatoka na madoa kama chui, na nyasi zinarusha ukijani videvuni. Dawa yake haina gharama. Ni ukingo wa baraza, watu wote ndani ya kivuli, nyuso zikitazama nje kwenye anga. Lakini nani ameshona yadi nne apigwe barazani kwake, pale anapoanika nguo? Wanataka Coco Beach.

Haya, Coco Beach. Miezi ya kusi upepo unatoka baharini, na ile softboksi ya mpiga picha, boksi la kitambaa la kulainisha taa, ni mwavuli mkubwa uliosimama kwa mguu mmoja. Bila mfuko wa mchanga kwenye stendi inaruka, na anayelipa taa si upepo. Kama kuna bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri. Saa 11 ufukwe umebaki ukanda, na huo ukanda mnagawana na wauza mihogo na familia nyingine tatu zenye sare. Kalenda ya mwezi iko ukutani nyumbani. Inatazamwa kwa ajili ya mfungo tu.

Sasa wapangeni. Kundi likiwa kubwa na nafasi ndogo, mpiga picha anafunga lenzi pana, milimita 24 au 28, na lenzi hiyo inavuta vilivyo pembeni. Aliye mwisho wa mstari anaongezeka kilo kumi bila kula. Angerudi nyuma hatua kumi na lenzi ya milimita 50 kila mtu angebaki na mwili wake, ila nyuma yake bahari imejaa. Habari hizi akina mama wanazo kuliko yeye. Shangazi hakai pembeni. Mama mkwe hakai pembeni, ni utovu wa adabu. Watoto wakikaa pembeni wanatoroka. Upande mmoja anawekwa shemeji aliyekuja kusindikiza tu. Upande wa pili anabaki yule aliyelipa.

Bibi na watoto mbele kwenye viti, sita nyuma wamesimama. Kamera ikiwa mikononi mwa kijana anayependa ule ukungu wa nyuma, anafungua tundu la lenzi wazi kabisa, f/1.8: bibi anaonekana hadi uzi wa kanga, na wanawe waliosimama nyuma yake wamekuwa ukungu wenyewe. Mistari miwili inataka tundu dogo zaidi, f/5.6, ikiwezekana f/8, na kasi isipungue 1/200 ya sekunde kwa sababu ya watoto. Kila kichwa cha nyuma kikae kwenye pengo kati ya mabega mawili ya mbele. Mapengo yalikuwepo, mpaka shangazi akaamua kukaa mbele na kile kilemba. Halafu kuna babu na kanzu yake nyeupe. Kamera ikipimia nyuso zetu, kanzu inageuka shuka isiyo na mkunjo. Ikipimia kanzu, nyuso zinazama. Anayejua kazi anailinda kanzu kwanza, kisha anarudisha mwanga usoni kwa rifulekta, lile sahani la kuakisi mwanga, au hata ubao mweupe. Asiyejua anasema "nitarekebisha kwenye kompyuta".

Macho nayo. Watafiti wawili wa Australia walipewa Ig Nobel ya hisabati, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha unafikirisha, mwaka 2006 kwa kukokotoa upige picha ngapi ili upate moja isiyo na aliyefumba. Kwa kundi lisilofika watu 20, gawa idadi kwa tatu kukiwa na mwanga mzuri, kwa mbili ukiwa hafifu. Watu 12, picha nne. Taa mbovu, sita. Hesabu safi kabisa, ila haikumhesabu mtoto wa miaka mitatu aliyekosa usingizi wa mchana. Huyo ana dakika 20 za ubinadamu, na zinatumika mwanzoni au hazitumiki.

Na tabasamu? "Semeni chizi!" Bibi anageuka kuuliza nani chizi, picha imeharibika. Siri ni irabu: neno likiisha na "i" mdomo unatanuka, kwa hiyo "ndizi" inatosha, hata "ugali". Asiwepo mjuaji wa kusema "pilau", mtatoka wote mmechongoa midomo kama mnapuliza moto. Enzi za studio kama Capital Art ya Unguja, iliyofunguliwa 1930, watu walikaa wima mbele ya kamera bila kucheka wala kupepesa. Filamu ilihesabiwa, picha 36 na zimekwisha. Leo kadi inabeba elfu, na hakuna anayetulia kwenye hata moja.

Baada ya wiki linafuata dirisha la maombi. Ondoa kitambi. Punguza mkono. Bibi wa miaka 80 anasafishwa ngozi mpaka anatoka kama yai lililochemshwa, na ukoo mzima wa Temeke umeng'arishwa hadi unafanana na watalii. Halafu: "Muunganishe na mjomba aliye Muscat." Mjomba ametuma picha ya WhatsApp, amepigwa saa saba mchana, jua kutoka kulia, wakati wenzake jua lao linatoka kushoto, na begani kuna nusu ya mtu mwingine. Anawekwa. Anaelea. Anaonekana kama ndiye marehemu, na yuko hai, anauliza kwa nini hakuvalishwa kitenge.

Faili zinafika, na mtu anazisambaza WhatsApp kama picha za kawaida. Pikseli 6,000 za upande mrefu zinashuka hadi kama 1,600. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi hiyo ni inchi tano na kidogo, halafu ndiyo inayopelekwa kuchapwa. Ingetumwa kama dokumenti ingefika nzima. Na fremu iliyonunuliwa, kwa kuwa ilikuwa na punguzo, ni ya 8 kwa 10. Kamera nyingi za kazi hii hupiga kwa uwiano wa 3 kwa 2. Kimo kikiwa inchi 8, upana ni 12. Fremu inataka 10. Inchi moja inaondoka kila upande, na waliosimama walikuwa sita, inchi mbili mbili kila mtu.

Fundi fremu hakuuliza, alikata. Shemeji amebaki nusu, hajali. Upande wa pili, pale ukutani sebuleni, limebaki bega na mkono wa kitenge, kile cha sita, kilichofanana dukani, umeshika bega la mtoto. Risiti ya fremu iko mfukoni mwa mwenye mkono.