Wapewe muda, si cheti tu

Makala moja kuhusu kupunguza ukatili wa bunduki imesifu mafunzo ya kazi na stadi za maisha kwa vijana walio karibu na bunduki, ila suala la ujira imeligusa juu juu. READI Chicago, mradi ulioanza 2017 kule Marekani, uliwapa wanaume walio hatarini zaidi kupiga au kupigwa risasi kazi ya kulipwa hadi miezi 18, pamoja na vikao vya kujifunza kuzitawala fikra zao. Vikao hivyo jamani si mapambo! Kijana katukanwa mtandaoni, simu mkononi, rafiki yuko mlangoni anamwambia "twende". Ana sekunde chache tu za kuvuta pumzi na kukumbuka kwamba kesho asubuhi anatakiwa kazini. Wafadhili, nawasihi msikate fedha baada ya miezi sita tu ya mafunzo, wakati kijana ndiyo kwanza ameanza kumwamini mkufunzi wake.