Kutetea imani: aya tunayoikata katikati

Kila anayefundisha utetezi wa imani huanzia 1 Petro 3:15: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu." Wengi huishia hapo. Petro aliendelea: "lakini kwa upole na kwa hofu." Na kuna neno "awaulizaye", ambalo tunalisoma haraka mno. Petro anamzungumzia mtu aliyekuja na swali lake mwenyewe.

Wapo wanaoona kazi yote hii ni bure, na wana maandiko ya kushika. Yesu aliwaambia wanafunzi wasifikiri-fikiri watakavyojibu wakipelekwa mbele ya watawala. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba hakuwahubiria kwa maneno ya hekima ya kushawishi. Mungu, wanasema, hajashtakiwa hata atafutiwe wakili.

Hapo nashindwa kuwafuata. Paulo huyohuyo alisimama Areopago, mjini Athene, akawanukulia wenyeji maneno ya washairi wao. Tena, kijana akikuuliza mbona Injili nne hazisimulii asubuhi ya ufufuo kwa namna moja, nawe ukamwambia "wewe amini tu", anachosikia ni kwamba jibu halipo. Swali atalipeleka kwingine, na huko kuna wenye majibu tele.

Katikati ya karne ya 2, Yustino, mwanafalsafa Mkristo, alimwandikia Kaisari Antonino Pio kuwatetea Wakristo, waliokuwa wakiitwa wasio na Mungu na kusingiziwa kula nyama za watu. Falsafa imejaa mle ndani. Mimi hunishika zaidi pale anapoeleza tu yanayofanyika Jumapili: maandiko yanasomwa, anayeongoza anatoa mawaidha, mkate na divai vinagawanywa, wenye nacho wanachanga kwa hiari, na mchango unawafikia mayatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Utetezi wa namna hiyo huwezi kuuandika kama hayo hayafanyiki kwenu. Yustino mwenyewe aliuawa Roma mnamo mwaka 165.

Midahalo ya siku hizi ina tabia nyingine. Niliwahi kuhudhuria mmoja ambapo mama mmoja aliuliza kwa nini Mungu huacha watoto wateseke. Msemaji alimjibu vizuri: hiari ya mwanadamu, dunia iliyoanguka, msalaba. Sikuona kosa katika hoja hata moja, na ukumbi ulipiga makofi. Mama akaketi taratibu, kipaza sauti bado kiko mkononi mpaka mhudumu alipokuja kukichukua. Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa na mtoto fulani akilini.

Kwa hiyo watetezi wa imani waache wajifunze hoja, na wajifunze vizuri. Mtetezi mvivu huwaaibisha waliomtuma. Ila wasome na mwisho wa ile habari ya Athene katika Matendo 17. Wengine walidhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena, wachache wakaamini, miongoni mwao Dionisio na mwanamke aitwaye Damari. Paulo hakuwafuata nyuma wale waliodhihaki na hoja ya ziada. Luka, mwandishi wa Matendo, anasema aliondoka akawaacha.