Mwananchi apige kura tu, au aamue?

Mwaka 1942 mwanauchumi Joseph Schumpeter aliandika kwamba kazi ya wananchi katika demokrasia ni kuchagua watawala, kisha kuwaachia watawale. Kauli hiyo inakera, lakini hoja yake ina uzito. Watu wana kazi na watoto. Nani atakesha akisoma muswada wa kurasa mia mbili? Mbunge analipwa ili ausome, na akiboronga anajulikana wa kung'olewa. Umma mzima ukiamua vibaya, atawajibishwa nani?

Wanaompinga hupenda kutaja Uswisi. Katika jimbo la Glarus, kila Mei wapigakura hukusanyika uwanjani, huinua kadi zao juu, na kiongozi wa serikali ya jimbo hukadiria wingi kwa macho. Mwaka 2006 serikali hiyo ilitaka manispaa 25 ziunganishwe zibaki 10. Mwananchi mmoja akapendekeza zibaki tatu. Kadi zikainuliwa, na tatu ndizo zilizobaki. Ni bunge gani lingempa mtu wa kawaida nafasi ya kugeuza muswada namna hiyo?

Hata hivyo, kura ile haina siri. Unainua kadi huku bosi wako akikutazama. Tena ni Uswisi hiyohiyo ambako mwaka 1959 wanaume walipiga kura ya maoni wakakataa wanawake wapewe haki ya kupiga kura za kitaifa, wakaja kukubali 1971. Haki ya aliyeachwa nje ilisubiri ridhaa ya waliokuwa ndani, na hapa watetezi wa kura za maoni huwa na kigugumizi.

Kuna njia ya katikati. Mwaka 2016 Ireland iliunda baraza la wananchi 99 waliopatikana kwa nasibu, likiongozwa na jaji. Walikutana wikendi, wakasikiliza madaktari, wanasheria na makundi yenye misimamo inayokinzana kuhusu utoaji mimba, suala ambalo wanasiasa walikuwa wakilikwepa. Walipendekeza katiba ibadilishwe, na Mei 2018 asilimia 66 ya wapigakura wakaafiki. Wakosoaji wanauliza: hao 99 walichaguliwa na nani? Swali ni halali, ingawa kwa maoni yangu mikutano ya kawaida ya kukusanya maoni ina kasoro kubwa zaidi, maana wanaofika ni wenye nafasi na wenye kusema sana.

Iceland nako wananchi walishirikishwa kuandika rasimu ya katiba. Oktoba 2012, takribani theluthi mbili ya waliopiga kura waliikubali iwe msingi wa katiba mpya. Bunge halikuipitisha. Kura ile ilikuwa ya ushauri tu.

Kwangu mimi, tofauti ya nchi hizi mbili haiko kwenye idadi ya walioshirikishwa. Serikali ya Ireland ilitakiwa kujibu kila pendekezo mbele ya Bunge na, ikilikubali, kutaja lini kura ya maoni itafanyika. Sharti dogo la kiutaratibu, lakini ndilo linalozuia maoni kuishia kabatini. Kwa hiyo ningewaachia wabunge kazi za kila siku, na kuita wananchi pale wabunge wanapoogopa au wana maslahi yao, kwa masharti kama hayo. Linalobaki gumu ni nani anapanga ajenda. Mada za baraza la Ireland zilipangwa na Bunge, na suala ambalo Bunge halikutaka liguswe lilikuwa na nafasi finyu ya kufika mezani.