Kumbukumbu kwanza, kasi baadaye

Sisi wa Unguja umeme wetu unapita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni, Dar es Salaam, mpaka Fumba. Mei 2008 ulipokatika tulikaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na ulirudi Machi 2010. Aliyeishi miezi ile haelezwi thamani ya mashine inayokula umeme kidogo. Kwa hiyo nazifuatilia kwa hamu kompyuta za superkondakta, na linaloniudhi ni kwamba wanaozisifu husifu kasi tu.

Superkondakta hupitisha umeme bila kuupinga hata chembe. Heike Kamerlingh Onnes aliligundua hilo mwaka 1911 kwa zebaki iliyopozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Kasi ilishapatikana zamani: mwaka 1999 sakiti moja ndogo ya aina hii ilifikia gigahezi 770, yaani mapigo bilioni 770 kwa sekunde, ilhali kompyuta ya mezani haifiki hata 10.

Kumbukumbu, yaani sehemu ya kompyuta inayohifadhi data, ndiyo iliyokwama. Biti, yaani 0 au 1 moja ya data, huhifadhiwa kama mkondo wa umeme unaozunguka ndani ya kitanzi, nao hauchoki kwa kuwa hakuna wa kuupinga. Ni kitu kizuri mno! Tabu ni kwamba usumaku unaonaswa humo huja kwa kipimo kimoja kisichogawanyika. Ukikifinya kitanzi, lazima uongeze mkondo ili kipimo hicho kikae. Transista, swichi ndogo za chipu za kawaida, zimesinyaa mwaka hadi mwaka, vitanzi vimegoma. Watafiti wa Japani katika miaka ya 1990 walifikisha biti 4,096 kwenye chipu moja, na ilikuwa kazi ya kujivunia. Simu iliyo mkononi mwako ina mabilioni. Kampuni ya IBM ya Marekani walikuwa wameshaufunga mradi wao wa kompyuta hizi mwaka 1983.

Basi kumbukumbu si ikae nje, kwenye joto la kawaida? Hapo ni sawa na mshona kofia aliyekaa Mkoani, kusini mwa Pemba, huku uzi wake uko Wete, kaskazini. Tena kila waya unaotoka nje huingiza joto, na kuondoa wati moja ya joto kwenye baridi ile hula mamia ya wati. Faida yote ya umeme inaliwa na jokofu.

Mimi naiunga mkono njia ya tabaka jembamba la sumaku lililobanwa kati ya superkondakta mbili. Biti hukaa kwenye mwelekeo wa sumaku, na haipotei hata umeme ukizimwa. Bado kuiandika upya kunahitaji nguvu nyingi kuliko inavyofaa, na hapo ndipo fedha na akili zingeelekezwa.

Najua nitaambiwa haya ni ya Marekani na Japani. Mbona picha zetu na miamala yetu ya simu zimo kwenye seva zinazokula umeme usiku na mchana? Jokofu la heliamu la kufikia baridi ile hatuna, ni kweli, lakini hesabu za tabaka lile la sumaku zinafanyika kwenye laptopu. Kijana wa fizikia pale SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, anayetafuta mada ya utafiti, namwomba aichukue hii.