Vipele vya vifundoni na majibu ya maabara

Dematomayositisi ni ugonjwa adimu: kinga ya mwili huigeukia ngozi na misuli ya mwenye mwili. Maabara zenye uwezo sasa hutafuta kingamwili za ugonjwa huu (protini za kinga zinazoulenga mwili wenyewe) zaidi ya kumi kwa sampuli moja ya damu, na wapo wanaoona kuwa kumkagua mgonjwa ngozi kumepitwa na wakati. Siwaungi mkono, ingawa hoja yao ina uzito.

Mwaka 2005 watafiti wa Japani walieleza kingamwili ambayo leo huitwa anti-MDA5. Aliye nayo anaweza kupanda ngazi bila shida, misuli ikiwa na nguvu zake zote, kumbe mapafu yanaharibika ndani ya wiki chache. Kingamwili nyingine, anti-TIF1-gama, kwa mtu mzima humlazimu daktari atafute saratani. Jicho peke yake haliwezi kuyatenganisha haya kwa uhakika.

Lakini vipimo hivyo vya kingamwili, vinavyofanywa kwenye ukanda maalumu, vina kasoro yake: jibu chanya hafifu hutokea hata kwa mtu asiye na ugonjwa. Kipimo cha awali cha ANA (kingamwili zinazolenga kiini cha seli) nacho kinaweza kurudi hasi huku mtu akiumwa kweli, kwa sababu baadhi ya protini zinazolengwa hazikai kwenye kiini cha seli. Ndiyo maana naona busara katika vigezo vya 2017 vya wataalamu wa Ulaya na Marekani vya kuainisha ugonjwa huu: vinahesabu kingamwili moja tu, iitwayo Jo-1, lakini dalili tatu za ngozi.

Hata hivyo, ngozi ipi? Vitabu vingi vinaeleza kope za zambarau na vifundo vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hugeuka kahawia iliyokolea au kijivu, na mgonjwa huambiwa ana mzio, akapewa krimu na kurudishwa nyumbani. Hili linaniuma, maana rangi ikidanganya, mahali hapadanganyi sana: vipele hivi hukaa juu ya vifundo vya vidole, wakati vya lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili, hupenda nafasi iliyo kati ya vifundo. Vidonda juu ya viungo na vipele vinavyouma viganjani humwelekeza daktari kwenye MDA5 kabla damu haijafika maabara.

Mgonjwa wa namna hiyo apigwe picha ya mapafu siku hiyohiyo, hata kama majibu ya kingamwili yatachukua mwezi.